Taa Nne na Mlango wa Kijani

Naapa kwa mikono yangu yote miwili, pamoja na kidole gumba kilichowahi kubanwa na ngazi, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sijaongeza hata punje ya chumvi. Yalimpata mzee mmoja ninayemfahamu, ingawa hatuna undugu wowote, na niliyaona kwa macho yangu. Atakayenikamata na uongo nitamlipa kazi ya kutwa kwa mikono hiyohiyo niliyoapia, tena bila chai.

Mzee huyo alikuwa mpaka rangi mstaafu. Kwa miaka thelathini na minane alipaka shule, hospitali, maduka, na mara moja alipaka mnara wa maji mrefu hivi kwamba alipofika juu ndege walimwamkia shikamoo. Mtaani walimwita Profesa. Ukimwonyesha ukuta aliusogelea, akaugusa, akaunusa, kisha akasema, "Hii ni namba mia mbili kumi na nne, na rangi ya mkono wa pili ilipigwa ya kwanza haijakauka." Watu walibaki wakitikisa vichwa. Aliishi na mkewe, mshonaji wa mapazia, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye mlango wa kijani alioupaka mwenyewe mwaka waliohamia, kwa sababu mkewe aliomba kijani.

Ila Profesa alikuwa na siri. Hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Tangu kuzaliwa kwake zote mbili aliziona kama maji ya mto baada ya mvua. Waridi aliiona kama simenti, na zambarau kama bluu iliyochoka. Njano aliijua, bluu aliijua. Zilizobaki alizisoma kwenye kopo, maana kila kopo la rangi lina jina na namba, naye alizikariri zote kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Akishafungua kopo, alikwaruza kifuniko kwa msumari: mkwaruzo mmoja nyekundu, miwili kijani, mitatu kahawia. Mteja akimuuliza maoni, alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasema, "Kwanza niambie wewe unaionaje." Wateja walimpenda kwa hilo. Walisema ni fundi asiye na majivuno.

Hata mkewe hakumwambia. Wakati wa uchumba alijisifu kwake kwamba hakuna rangi inayompita. Mtu akishatamka hivyo mbele ya binti wa watu, tena binti anayeishi kwa kuchagua vitambaa, anarudi nyuma kwa njia ipi?

Habari ililetwa na kitindamimba wao, nesi wa wodi ya watoto. Wazazi wa mchumba wake walitaka kuja kujuana, Jumapili ya wiki mbili zijazo, saa kumi na mbili jioni.

"Sebule yetu ina taa ya ghala," mama mtu akasema akiwa kwenye cherehani. "Wakwe watadhani tumekaa tunahesabu magunia."

"Taa inawaka, mama watoto. Unataka ifanye kitu gani kingine?"

"Ibadilike. Kuna taa janja siku hizi, unazigeuza rangi kwa simu. Jirani anazo barazani kwake. Mimi nataka sebule ya kijani. Kile laini, cha majani machanga. Miaka yote hii nimetamani kijani kidogo nyumbani kwangu."

"Si una mlango?"

Mkewe alikata uzi kwa meno, akalitazama pindo alilokuwa akilishona. "Mlango uko nje," akasema.

Profesa hakulifikiria sana jibu hilo. Kilichomsumbua ni kwamba sebule ya kijani ingewekwa na yeye, mbele ya wakwe, na taa haina kopo.

Kwenye duka la taa ukuta mzima ulikuwa na taa zimewashwa, kila moja ikijigeuza kwa wakati wake. Profesa aliona bluu, akaona njano, halafu ukungu, halafu bluu tena. Muuzaji, dada mmoja aliyefunga kilemba cha rangi ya simenti na kuchomeka kalamu sikioni, aliwakaribisha vizuri.

"Shikamooni. Holda zenu za nyumbani ni za skrubu au za pini?"

"Za pini," Profesa akajibu haraka. Hilo alilijua kwa vidole.

"Na simu yako inapokea programu, baba? Naona kioo kina ufa."

"Ufa ni wa kioo, simu yenyewe haina habari."

"Moja ni bei gani?" mkewe akauliza. Dada akataja, na Profesa akatafuta mahali pa kujishikiza.

"Binti yangu, hiyo ni bei ya lita nne za rangi ya mafuta. Ile ya kiwango."

"Baba, rangi ukishaipaka umeipaka. Hii unaubadilisha ukuta mara mia kwa siku, na huna haja ya kumwita fundi rangi akukalie sebuleni wiki nzima akinywa chai yako."

Mkewe alikohoa. "Mume wangu ni fundi rangi."

"Ee, nisamehe baba. Basi wewe ndiye wa kuniambia." Dada akanyoosha mkono kwenye taa mbili za kati. "Kati ya hii na hii, ipi inakaa vizuri na mapazia ya mama?"

Zote mbili zilikuwa maji ya mto. Nyuma yao wateja wengine wawili walikuwa wamesogea kumsikiliza mtaalamu. Profesa alirudi hatua tatu, ya tatu ikamfikisha kwenye kapu la feni, feni moja ikaanguka. Akafumba jicho moja. "Kwanza niambie wewe unazionaje."

"Mimi nauza, baba. Mimi naziona zote nzuri."

Mmoja wa wateja akacheka puani. Jasho lilianza kumtembea Profesa chini ya kola. "Zote," akasema hatimaye, "zina heshima yake."

"Tunachukua nne," mkewe akadakia, akifungua pochi. "Tatu sebuleni, moja barazani. Na hiyo feni iinueni, mume wangu hakuikusudia."

Njiani alibeba boksi mwenyewe. Alikuwa anawaza kwamba akikosea Jumapili ile, miaka thelathini na minane itafutika kwa jioni moja, na mkewe atajua aliolewa na mtu wa namna gani.

Jumamosi iliyofuata alizifunga. Ngazi ilikuwa ileile ya kazini, yenye matone ya kila jengo alilowahi kulipaka. Alizitia taa kwenye holda, akazungusha mpaka pini zikakaa, huku mkewe amesimama kwenye swichi na karatasi ya maelezo.

"Inasema uizime na kuiwasha mara tatu, mpaka ipepese."

"Zima. Washa. Zima. Washa. Zima. Washa. Haya."

"Unanihesabia kama nashona vitanzi vya pazia."

Taa zikapepesa, simu ikaziona moja baada ya nyingine, Profesa akashuka amenyoosha kifua. Kisha, kwa mazoea ya miaka, akapita mlangoni akazima swichi. Simu ikaandika kwamba taa hazipatikani. Walihangaika nusu saa wakizitafuta taa zilizokuwa juu ya vichwa vyao, mpaka mkewe akarudia kusoma karatasi.

"Ukizizima ukutani, kwa simu zimekufa. Swichi inatakiwa ibaki imewashwa."

"Taa isiyozimwa ukutani ni taa ya aina gani?"

"Ni taa ya pesa tulizolipa," mkewe akasema, akabandika kipande cha utepe juu ya swichi ili mkono wa mumewe usipotee tena.

Mkewe alipoondoka kwenda sokoni, Profesa alibaki na simu. Programu ilikuwa na duara moja kubwa la rangi, na duara zima halikuwa na hata herufi. Hakuna jina, hakuna namba. Ukigusa hapa taa inakuwa hivi, ukigusa pale inakuwa vile, na katikati ya bluu na njano yote yalikuwa matope. Alilitazama duara lile kama mtu aliyefika ofisini akaambiwa fomu zimeisha.

Mchana mkewe alirudi, na binti akaja kusaidia usafi. Profesa akamkalisha kwenye kochi.

"Wewe nesi unapima wenzako. Nani anakupima wewe? Hebu niambie, hapa ni rangi gani?"

"Nyekundu, baba."

"Na hapa?"

"Kijani."

"Kijani cha majani machanga kiko wapi?"

"Hapa, pembeni kidogo. Baba, macho yangu ni mazima."

"Nimeridhika," Profesa akasema. "Nenda ukamsaidie mama yako." Akatoa msumari mfukoni, akafanya alichokifanya maisha yake yote. Kwenye kioo cha simu, mahali kidole cha binti kilipogusa, akakwaruza: mmoja nyekundu, miwili kijani. Usiku huo alilala usingizi mzito kuliko wiki zote mbili.

Jumapili wageni walikuja arobaini. Sebule ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya viti. Walikuwa wamepotea njia mtaa wa pili, wakapiga simu, na mama mtu akatoka nje kuwaelekeza. Ndivyo alivyowaelekeza wageni siku zote: akiwa nje, peke yake, kwa sauti ya chini. Profesa aliona ni adabu tu.

Baba wa mchumba alikuwa muuza nyanya sokoni, mtu mpana mwenye kicheko cha tumboni. Alileta kreti la nyanya na kuliweka katikati ya zulia kama mtu anayeweka mtoto. Mama wa mchumba alikuwa mwembamba, mwenye adabu nyingi, asiyegusa keki mpaka aambiwe mara tatu. Chai ikamiminwa. Mama mtu akamtazama mumewe akamwashiria kwa kichwa. Wakati ulikuwa umefika.

Profesa alitaka kila mtu aone. Badala ya kuishika simu wima kama alivyoishika siku zote, aliilaza upande juu ya meza, akaiegemeza kwenye bakuli la sukari. Na simu, kama zilivyo simu, ikageuza picha. Duara likahama kwenda upande wa pili. Mikwaruzo ikabaki palepale ilipokuwa. Chini ya mikwaruzo Profesa hakuona tofauti yoyote, maana matope yalitoka yakaja matope. Akaweka kidole kwenye mikwaruzo miwili.

Sebule ikawa nyekundu. Hivyo ndivyo wanavyosema waliokuwepo. Keki ikawa kama ini, chai ikawa kama damu, na shati jeupe la mchumba likamfanya aonekane ametoka kuchinja.

"Karibuni kwenye kijani," Profesa akasema. "Rangi ya majani machanga. Mama watoto ndiye aliyekiomba."

Binti akafungua kinywa, mama yake akamgusa goti.

"Kizuri," mama mtu akasema. "Ndicho hasa nilichokitaka."

Mama wa mchumba alitazama juu, akatazama mikono yake, akameza mate. Hakuwa mtu wa kuanza undugu kwa ubishi. "Kijani kizuri sana," akasema. "Kinapumzisha macho."

"Nami nakipenda," mchumba akasema kutoka ndani ya shati lake.

"Niliwahi kukiona hotelini," shangazi yake akaongeza. "Kilekile."

Hapo ndipo Profesa aliposhtuka. Katika miaka thelathini na minane hakuwahi kuona rangi iliyosifiwa na watu wote kwa siku moja. Daima kuna mmoja wa kusema imekolea. Alianza kuzitazama nyuso, na kila uso uliinama kwenye kikombe.

Muuza nyanya alikuwa bado anaitazama taa, ameikunjia jicho. "Samahani, mkwe," akasema. "Hiki ndicho kijani? Naomba unifundishe tu. Mimi kijani na nyekundu sijawahi kuzitenganisha tangu nizaliwe."

Profesa aliweka kikombe chini. "Lakini wewe unauza nyanya."

"Kwa kidole. Nikiibonyeza ikanijibu, imeiva. Ikinyamaza, namwachia mwenye haraka."

"Na wateja wako wanajua?"

"Soko zima. Wananiletea hata za wenzangu niwabonyezee."

"Hukuona aibu?"

"Kwa kipi, mzee mwenzangu? Kwani haya macho niliyanunua, nikauziwa mabovu?"

Profesa akaichukua simu mezani na kuishika wima, na duara likarudi mahali pake mbele ya macho yake, likageuka polepole chini ya mikwaruzo. Alielewa kilichotokea. Angeweza kuurudisha mkono kimyakimya, akasema alikuwa anajaribu mitambo, na watu wale wangekubali hilo pia. Alimtazama mkewe, akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote.

"Mama watoto, hii ni rangi gani?"

"Nyekundu, mume wangu. Nyekundu ya buchani."

"Mimi siioni. Wala kijani sikioni. Sijawahi kukiona hata siku moja."

Binti ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo ile Jumamosi hukuwa unapima macho yangu?"

"Nilikuwa napima ya kwangu."

Kicheko kilichofuata kiliamsha mbwa wa mitaa mitatu. Muuza nyanya alicheka mpaka akalala juu ya kreti lake. Mama wa mchumba alicheka akilia, akisema, "Na mimi niliyesema kinapumzisha macho, macho yananiuma tangu kiwake," na kwa mara ya kwanza jioni ile akachukua keki bila kuambiwa.

Mkewe alikuwa ameichukua simu. Alitelezesha kidole, akasimama, akasema, "Ndicho hiki sasa."

Profesa alitazama ukuta. Aliona maji yaleyale ya mto. Kisha akamtazama mkewe, amesimama katikati ya sebule na kichwa amekiinua, anatabasamu peke yake kama mtu aliyefikiwa na barua ya zamani. Hicho kijani Profesa alikiona vizuri, bila kopo na bila namba.

"Umejua tangu lini?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nitakuambia siku nyingine. Wamiminie wakwe chai."

Hapo ndipo nilipokusudia kumalizia, ndoa imekubaliwa, nyanya zimepokewa. Kosa langu ni kuliacha daftari kwenye meza ya cherehani. Nilipotoka kuoga, nilimkuta mke wangu amevaa miwani yake ya kushonea, yuko ukurasa wa mwisho.

"Wageni arobaini?" akasema. "Walikuwa sita. Na mmoja alichelewa kuingia, alikuwa anaegesha gari."

"Hiyo ni chumvi tu."

"Uliapa hukuongeza hata punje. Na huyu mzee 'hatuna undugu wowote.' Shati lake nimelianika mimi asubuhi hii."

"Mwandishi anaruhusiwa kujificha kidogo."

"Ungejificha vizuri. Dada wa duka la taa kilemba chake kilikuwa cha waridi. Nani mwingine duniani angekiita cha simenti?" Akafunua kurasa kurudi nyuma, taratibu, kama anayetafuta doa kwenye kitambaa. "Na hapa. 'Mlango wa kijani alioupaka mwenyewe.'"

"Hilo ni kweli. Uliomba kijani, nikakupakia kijani."

Alivua miwani. "Mume wangu, mlango wetu ni mwekundu."

Nilitoka nje kuutazama. Niliusogelea, nikaugusa, nikaunusa. Ulinyamaza.

"Kopo lilikuwa limebanduka karatasi," akasema nyuma yangu. "Ulipomaliza ulisimama hapo ulipo, rangi imekufika mpaka kwenye nyusi, ukaniambia, 'Kijani chako hicho, mke wangu.' Ulikuwa na furaha. Ningesema nini? Nikasema kizuri. Kesho yake nikapita nyumba kwa nyumba nikawaomba majirani wasikutajie."

"Wote?"

"Wote. Hata mtu wa kusoma mita."

"Na wageni unaotoka nje kuwaelekeza..."

"Nawaambia nyumba ya tatu kutoka dukani, mlango mwekundu." Akakunja miwani. "Haya, kazi ya kutwa. Umeandika mwenyewe."

"Niupake kijani?"

"Thubutu. Kijani ninacho sebuleni. Mlango upake mwekundu uleule, umepauka."

Basi nilikwenda duka la rangi nilikonunua miaka yote. Mwenye duka akauliza, "Profesa, leo namba ngapi?" Namba niliijua. Nikasema, "Leo nipe nyekundu, na uhakikishe mwenyewe ni nyekundu, maana mimi siioni." Akaenda kwenye rafu, akarudi na kopo, akalifuta vumbi. "Ya mlango, siyo?" akasema. "Tulikuwa tunangoja tu utuulize."

Nimepaka tangu asubuhi. Niliapa bila chai, lakini ameileta, ameiweka juu ya kifuniko cha kopo, penye mkwaruzo mmoja. Amekaa kwenye kigoda ananisimamia.

"Umeruka hapo chini," anasema.

"Nimeona."

Ananitazama.

"Sijaona," nasema. "Nionyeshe."